Ngoswe, Makbeth au Michael Corleone: uanze na yupi kufundisha anguko la mhusika?

Kijana aliyekuwa akimcheza Makbeth alikatisha mazoezi akanigeukia. "Samahani mwalimu. Huyu si alishakataa? Hapa juu kamwambia mkewe hili jambo tuliache. Sasa mbona anakwenda kuua?"

Ilikuwa Jumamosi ya Agosti, upepo wa Dodoma unasukuma vumbi chini ya mlango, na tulibakiwa na saa moja ya kutumia ukumbi. Saa yote ikaishia kwenye ukurasa huo mmoja. Hatukufika hata kwenye kuuawa kwa mfalme, na sikumbuki kipindi kingine nilichofundisha kikanipa furaha kama kile.

Tangu hapo, mwalimu mwenzangu au kiongozi wa kikundi akiniuliza achukue kazi ipi kufundishia anguko la mhusika, simuulizi kwanza wanafunzi wake wako kidato gani. Namuuliza kama anaweza kuweka kidole kwenye ukurasa, au kusimamisha picha, akasema: hapa huyu mtu alikuwa bado anaweza kurudi. Asipopaona mahali hapo, atafundisha muhtasari wa hadithi, na muhtasari wanafunzi wanaupata popote.

Kazi tatu ndizo ninazoulizwa zaidi. Kuna tamthiliya ya Edwin Semzaba, Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, iliyosomwa miaka mingi kidato cha tatu na cha nne. Kuna Makbeth ya Shakespeare, iliyoandikwa karibu na mwaka 1606 na kutafsiriwa kwa Kiswahili na Samuel Mushi mwaka 1968. Halafu kuna filamu, The Godfather ya Francis Ford Coppola, ya mwaka 1972, ambayo mhusika wake ni Michael Corleone. Zote nimezipitia na vikundi vya hapa mjini: wanafunzi wa sekondari, vijana wa chuo, na watu wazima wanaokutana jioni baada ya kazi, wengi wao watumishi waliohamishiwa Dodoma. Kila moja nimeona inapofika na inapokwama.

Neno "dosari" lisikufungie mlango

Miaka yangu ya mwanzo niliandika ubaoni: dosari ya Makbeth ni tamaa. Nikatoa swali la insha. Karatasi zikarudi, na karibu kila moja ilisema Makbeth alianguka kwa sababu ya tamaa, kisha ikasimulia hadithi mpaka mwisho. Hakuna aliyekosea, lakini hakuna aliyekuwa amesoma kitu. Kosa lilikuwa langu. Niliwapa jibu, wakaacha kutazama.

Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, alisema mhusika wa tanzia, yaani tamthiliya ya anguko na huzuni, asiwe malaika wala asiwe muovu wa kupindukia. Awe mtu wa katikati, anayeangushwa na kosa fulani. Neno la Kigiriki alilotumia, hamartia, linatokana na kitenzi ambacho maana yake ni kukosa shabaha, kama mtu aliyetupa mkuki ukapita pembeni. Mimi nalipenda kwa sababu hiyo. Aliyekosa shabaha alikuwa analenga kitu, na mara nyingi kitu chenyewe hakikuwa kibaya. Ngoswe alitaka kupendwa mahali pageni. Makbeth alitaka mkewe amwone mwanamume. Michael Corleone alitaka baba yake asiuawe. Ukianzia hapo, mwanafunzi hawezi kukujibu kwa neno moja, kwa sababu dosari ya mtu imelala kitanda kimoja na wema wake.

Kwa hiyo ninapozilinganisha kazi hizi natazama mambo mawili hasa: inaionyeshaje nafasi ya kurudi, na inamwachia msomaji kazi kiasi gani.

Ngoswe: anguko la hatua fupifupi

Ngoswe ni karani wa sensa aliyetumwa kijijini. Anakutana na Mazoea, binti wa mzee Mitomingi. Kazi inalegea, pombe inaingia, penzi linafika kwenye kutoroshana, na baba mtu kwa hasira anazitia moto karatasi za sensa.

Hakuna kisu hapa, hakuna kiti cha ufalme. Kila hatua ya Ngoswe ni hatua ambayo wewe na mimi tungemsamehe jioni ile ile: maongezi kidogo, kikombe kimoja, kazi tutamalizia kesho. Na Semzaba amempa binti jina la Mazoea! Sijui kama kuna namna fupi zaidi ya kusema kinachompata karani huyu. Darasani ninafanya hivi: kila mwanafunzi anachukua penseli na kuchora mstari pale ambapo angemshika Ngoswe bega amwambie, "Ndugu yangu, basi." Mistari haifanani kamwe. Mmoja anachora pale wanapokutana kwa mara ya kwanza, mwingine kwenye pombe, mwingine anasubiri mpaka mipango ya kutoroka. Ubishi unaofuata ndio uchambuzi wenyewe, na unafanyika kwa Kiswahili chao, bila mimi kutafsiri lolote.

Kwa watu wa Dodoma ina nguvu ya ziada. Ofisi ya Taifa ya Takwimu iko hapa kwetu. Wanafunzi wangu wakubwa wanaukumbuka usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022, na makarani waliopita mitaani kwao na vishikwambi mkononi. Vishikwambi vile baadaye vikagawiwa walimu, kwa hiyo kuna shule wamewahi kuviona tena mezani kwa mwalimu. Binti mmoja aliuliza: je, Mitomingi angechoma kishikwambi? Mwenzake akamjibu kwamba taarifa zingekuwa zimeshatumwa, zingepona. "Takwimu zingepona," binti akasema, "lakini Ngoswe angekuwa yule yule." Nilinyamaza. Sikuwa na cha kuongeza.

Kuna ule msemo wetu, yaliyo ya Ngoswe mwachie Ngoswe. Tamthiliya hii inaupinga waziwazi. Mambo ya Ngoswe yalikuwa ya kijiji kizima, maana kilichoungua ni hesabu ya watu ambao serikali ingewapangia shule na zahanati.

Udhaifu wake? Jina la kitabu linatoa hukumu kabla hujafungua jalada. Mwanafunzi anasoma kwamba penzi ni kitovu cha uzembe, anaandika kwamba penzi ni baya, anafunga daftari. Tena Ngoswe hajichimbi sana moyoni. Tunaona anachofanya kuliko tunavyosikia anavyojihukumu. Na kuna shimo ambalo kila mwaka wanafunzi wanatumbukia: "Mazoea ndiye aliyemponza." Usiiache sentensi hiyo ipite. Rudi nao kwenye ukurasa, waonyeshe nani alikuwa na mkataba wa kazi na nani hakuwa nao.

Makbeth: mtu anayejua, na anasema kwamba anajua

Yule kijana aliyenikatisha alikuwa kwenye tendo la kwanza, onesho la saba. Mfalme Duncan ni mgeni nyumbani kwa Makbeth na yuko mezani anakula. Makbeth ameinuka, amewaacha wageni, amesimama peke yake nje ya chumba. Anaanza kuhesabu sababu za kutomuua. Ni ndugu yake. Ni mfalme wake. Ni mgeni wake, na mwenyeji ndiye anayepaswa kumfungia muuaji mlango, si kushika kisu mwenyewe. Tena Duncan ni mfalme mpole, hajamkosea mtu. Akimaliza hesabu hiyo, Makbeth anakiri mwenyewe kwamba hana kinachomsukuma isipokuwa tamaa ya makuu inayoruka mpaka ikaangukia upande wa pili.

Yaani lile jibu nililowaandikia wanafunzi ubaoni, Makbeth analijua kabla yao. Uchambuzi unaoishia kwenye neno "tamaa" unaishia pale ambapo mhusika mwenyewe ameanzia.

Hapa kwetu sababu ya mgeni inachoma kuliko zote. Mwanafunzi aliyekulia Chamwino au Bahi, ambako mgeni hawezi kuondoka hajaonja ugali na mlenda, haelezwi kwa nini kumuua mgeni kitandani ni jambo zito. Nimeona darasa likiguna kwenye mstari huo.

Kisha mkewe anatoka. Makbeth anamwambia: tusiendelee na jambo hili. Mlango uko wazi kabisa, ameshautaja kwa maneno yake. Bibi anamuuliza kuhusu uanaume wake, na baada ya majibizano mafupi mtu huyo anauliza tu, "Na tukishindwa?" Msikilizeni hapo. Haulizi tena kama ni dhambi. Anauliza kama itawezekana. Anguko limetokea ndani ya swali hilo, kabla ya damu yoyote.

Lile shimo la kumlaumu mwanamke lipo hapa pia, na hapa ni refu zaidi. Dawa yake imo kwenye tamthiliya yenyewe. Makbeth anapopanga kumuua Banquo, mwenzake wa vitani, mkewe hamwambii. Anamtaka asijue mpaka jambo liishe. Na wanapouawa mke na watoto wa Macduff, mkuu aliyekwenda upande wa maadui zake, bibi huyo hana hata sauti katika shauri hilo. Waambie wanafunzi wapime muda: kabla ya kumuua Duncan, Makbeth anabishana na nafsi yake kurasa nzima. Kwa Banquo anahitaji kujihalalishia kidogo tu. Kwa familia ya Macduff anaapa kwamba kuanzia sasa kila litakaloingia moyoni litatoka mkononi papo hapo. Kipimo hiki sikukipata kwenye kitabu cha nadharia. Nilikipata kwa kuhesabu mistari na vijana, na tangu nikipate sijakiacha. Mtu anayeanguka huhitaji maneno machache zaidi kila mara.

Kuna pahali Makbeth anasema amekwisha kuingia ndani ya damu kiasi kwamba kurudi ni taabu sawa na kuvuka. Sisi tunasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na watoto tunawafundisha kama methali ya uvumilivu. Kwenye kinywa cha Makbeth inakuwa uongo wa kujidanganya. Ninawaandikia yote mawili ubaoni, moja chini ya jingine, nawaachia dakika tano waandike tofauti. Mpaka leo sijapata swali linalotoa majibu mazuri kuliko hilo.

Tatizo kubwa la Makbeth katika mkoa wetu, na sehemu nyingi za nchi, ni wale wachawi watatu wa mwanzo, wanaomtabiria kwamba atakuwa mfalme. Mwanafunzi akishasikia "mchawi", kazi imekwisha: alirogwa, hakuwa na akili zake. Usimbeze. Muulize Banquo alikuwa wapi. Alisimama pale pale, akawasikia wachawi wale wale, naye akatabiriwa kwamba kizazi chake kitatawala. Banquo hakumuua mtu. Utabiri ni mmoja, waliousikia ni wawili, na njia zikaachana.

Nakala za tafsiri ya Kiswahili ni adimu, na lugha inahitaji mwalimu aliyejiandaa. Usijaribu matendo yote matano. Chagua maonesho sita au saba na uyacheze, hata kama ni kwa kusimama tu kati ya madawati. Makbeth inayosomwa kimya hufa mikononi.

The Godfather: mkono usiotetemeka

Filamu ina silaha ambayo jukwaa halina. Michael Corleone, yule mtoto msomi wa familia ya wahalifu, askari aliyerudi vitani na nishani, anamwambia mpenzi wake Kay kwenye harusi ya dada yake kwamba mambo haya ni ya familia yake, si yake. Baadaye baba yake anapigwa risasi. Usiku mmoja Michael anamkuta hospitalini bila mlinzi hata mmoja. Amepata msaidizi mmoja tu, Enzo, muoka mikate aliyekuja na maua kumwona mgonjwa. Wanasimama nje kwenye ngazi, mikono ndani ya makoti kana kwamba wana bastola. Gari la maadui linapunguza mwendo, linawatazama, linaondoka. Enzo anatoa sigara, mkono unamtetemeka, kiberiti hakiwaki. Michael anakichukua, anamwashia. Halafu anaitazama mikono yake mwenyewe. Imetulia tuli.

Hakuna neno linalosemwa. Sekunde chache tu, na mtu amejigundua. Shakespeare angehitaji hotuba nzima, na ingekuwa nzuri, lakini isingekuwa kitu kile kile. Ndiyo sababu nasisitiza: filamu hii msiitazame ile ya kibanda umiza, yenye msimulizi anayefasiri juu ya sauti. Wasimulizi hao nawaheshimu, wamewafungulia watu wengi dunia. Ila wao kazi yao ni kujaza ukimya, na anguko la Michael limo ndani ya ukimya.

Hatari ya filamu ni kwamba inakufanya umpende. Na kikundi changu cha jioni, Michael alipowaua Sollozzo, adui wa baba yake, na kapteni wa polisi aliyemlinda, mgahawani, watu walipiga makofi. Watu wazima, wenye watoto wao. Nikarudisha nyuma nikauliza tumepigia makofi nini. Baba mmoja, mtumishi wa siku nyingi, akasema taratibu: "Nilimpigia kwa sababu anamlinda mzee wake." Damu nzito kuliko maji, sote tumelelewa nayo. Mazungumzo ya usiku ule yalikwenda mpaka mlinzi wa jengo alipokuja kututoa, na yalihusu wao, ofisi zao, ndugu wanaoomba kupenyezewa jina, kuliko yalivyohusu Marekani.

Kwenye ubatizo, Michael akiwa kanisani anaulizwa kama anamkataa shetani, anajibu kwamba anamkataa, na picha zinakatwa kwenda kwa watu wake wanavyoua mmoja baada ya mwingine. Hapo mhariri wa filamu ndiye anayefanya kazi ya msimulizi. Na Kay, tofauti na Mazoea au Bibi Makbeth, hapewi nafasi ya kulaumiwa: anauliza swali, anadanganywa usoni, kisha mlango unafungwa mbele yake. Ukiwa na kikundi kinachopenda kusema "mwanamke ndiye chanzo", onesho hilo la mwisho linafanya kazi kuliko mahubiri.

Lakini ni dakika 175, ina damu nyingi, na si ya wanafunzi wa sekondari. Hilo sina mjadala nalo.

Basi uchukue ipi

Kama una wanafunzi wa kidato cha tatu na hawajawahi kuchambua mhusika, chukua Ngoswe. Vipindi vinne vinatosha, na kazi ya penseli iwe siku ya kwanza, kabla hujawaambia neno lolote kuhusu dhamira. Ukiwa na watu wazima, hasa watu wa ofisini, chukua filamu, igawe jioni mbili, na usimamishe kwenye kiberiti na kwenye makofi. Wataweka ulinzi ukiwaletea kitabu cha shule. Filamu wanaiingilia bila silaha.

Kama unaweza kufanya moja tu, na una watu wanaokubali kusimama na kusema maneno kwa sauti, ni Makbeth. Sababu yangu ni ile niliyoanza nayo. Ngoswe anapita milango midogo bila kuiona. Michael anaona, lakini hasemi, na ni rahisi mtazamaji kumsamehe kwa sababu hakusikia hesabu zake. Makbeth anautaja mlango, anaushika kitasa, anakuambia kwa nini ni sahihi kuurudia, kisha anageuka. Hakuna namna ya mwanafunzi kusema kwamba hakujua.

Wengine hunipendekezea Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthiliya ya Vita vya Maji Maji. Ni kazi kubwa, ila suala lake si hili. Kinjeketile anazidiwa nguvu na neno alilolitoa mwenyewe kuhusu maji ya kuwakinga watu na risasi, na mpaka mwisho anakataa kuwapa Wajerumani kauli wanayoitaka. Aisome aliyekwisha kuzoea kuchambua, baada ya hizi.

Kuna pia filamu ya Kijapani ya Akira Kurosawa ya mwaka 1957 iliyomchukua Makbeth ikamweka miongoni mwa mabwana wa vita wa Japani. Kikundi kikishacheza maonesho yao sita, waonyeshe hiyo. Watashangaa jinsi jambo lile lile linavyoweza kusemwa kwa farasi na ukungu.

Yule kijana wa Agosti alicheza wiki tano baadaye, mbele ya wazazi na wenzake, bila mapambo, meza moja tu na kitambaa. Alipofika pale pa kumwambia mkewe waliache jambo lile, alitulia muda mrefu kuliko tulivyopanga. Mkono wake ulikuwa umeshika kiti, na uso ameugeuzia upande ambako, kwa mujibu wa mazoezi yetu, mgeni wake alikuwa bado anakula.